Mtoto wa Simba Kwenye Kambi ya Dunia

Baba yangu, ambaye kwa Kinyakyusa tunamwita Tata, alinilea kwa hadithi ya kambi moja. Alikuwa skauti aliposoma shule ya misheni, na mpaka leo, mzee wa kutembelea fimbo pale Ikuti, atakusimulia jinsi vijana wa skauti wa dunia walivyokutana mara ya kwanza London, mwaka 1920, ndani ya jumba lenye paa la vioo, wakamwaga udongo sakafuni ili wapige kambi humo humo. "Dunia nzima ilikuwepo," husema. Nami, binti niliyekuwa nikimenya ndizi huku nasikiliza, sikuwa na shaka kwamba dunia nzima ni pamoja na sisi.

Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Tukuyu, na mlezi wa skauti. Mwaka huu tulipoandaa kambi Kawetele, mwalimu mkuu aliniomba niwaeleze watoto historia ya jambori, yaani ile kambi ya London. Nikaona kazi nyepesi. Nikafungua simu nihakikishe mambo mawili matatu tu.

Nilisoma kwamba vikosi vingine vilikuja na wanyama. Mamba kutoka Marekani. Kima kutoka Afrika Kusini. Na kutoka Rhodesia ya wakati ule, si mbali na kwetu, mtoto wa simba.

Niliirudia sentensi ile mpaka chai ikapoa. Nikatafuta picha, nikazikuza hadi nyuso zikawa madoa matupu. Sikumwona kijana mweusi hata mmoja. Pengine walikuwepo pale ambapo kamera haikufika, sijui. Nilichojua ni kwamba simba wetu alipata nafasi melini. Nilikaa pale mezani kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni.

Jumamosi nikaenda Ikuti. Nilikusudia kutomwambia Tata, lakini alinitazama mara moja tu akauliza nani amefariki. Nikamwambia.

"Simba," alisema.

"Mtoto wa simba, Tata."

"Akapanda meli."

"Ndiyo."

Akalaza fimbo mapajani.

"Unajua baba yangu wakati huo alikuwa wapi? Ndiyo kwanza ametoka vita ya Wajerumani na Waingereza. Wazungu walipigana, yeye wakambebesha mizigo mpaka bega likapinda. Alikuwa kijana, kama hao wa kambini."

Miaka yote ile hakuwahi kulitaja bega la babu. Nikamuuliza kwa nini.

"Hadithi ya kambi nilipewa na mwalimu. Hii nilipewa na baba. Sikuwahi kuziweka pamoja mpaka leo, mwanangu."

Kisha akauliza kama simba yule alirudishwa kwao. Nikasema sikuona palipoandikwa.

Kule Kawetele niliwasimulia watoto hadithi zote mbili, ya kambi na ya babu. Msichana mmoja wa darasa la sita akanyoosha mkono.

"Madamu, bega la babu lilipona?"

"Halikupona."

Akakaa chini taratibu, akamshika mwenzake mkono.

Mwalimu mkuu alinivuta pembeni. "Nilikuomba historia, mwalimu. Umewapa msiba."

"Ndiyo historia niliyoikuta," nikamjibu. Akaondoka, na kwa siku zote zilizobaki tulisalimiana kwa kichwa tu.

Asubuhi ya kuvunja kambi manyunyu yalikuwa yakianguka. Nilikuwa nang'oa vigingi vya hema alipokuja mwalimu mkuu, akainama kunisaidia. Tukang'oa viwili.

"Babu yangu mimi hakurudi," alisema. "Alichukuliwa kubeba mizigo, basi. Kaburi hatulijui."

Nilimtazama. Tumefundisha pamoja muda mrefu, tumekula pamoja, tumezikana.

"Hukuwahi kusema."

"Hakuna aliyeuliza," alisema, akaendelea kuvuta kigingi kilichokwama, nami nikakishika, tukakivuta pamoja.