Mchezo Nilioufuta Mara Mbili

Kwetu Kibondo mke humpokea mumewe kwa kupiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo ili vitoe sauti nzito. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilipokewa hivyo, nami namshukuru Mungu. Mwaka 2013 nikaanza kupokewa kwa mkono mmoja.

Binti yetu, mwalimu wa sekondari Kasulu, alituletea kompyuta ya mezani ili niandikie mafundisho yangu ya ukatekista. Kabla ya kuondoka akaingiza mchezo kwa flashi: picha iliyokatwa vipande, nawe unavipanga mpaka ikamilike. Mimi niliuona ni utoto. Mama yake akakaa kujaribu kidogo, na tangu siku hiyo nikirudi kutoka kanisani namkuta amenipa kisogo, mkono wa kulia kwenye kipanya, wa kushoto ukipiga paja.

"Karibu, mwalimu. Ngoja kwanza, nimepata sikio la tembo."

Nikangoja. Nimewafundisha wengi ubaya wa wivu, lakini sikio lile nililionea wivu. Habari za jirani aliyerudi kwao Mabamba, ambazo zamani nilisimuliwa mimi, sasa aliambiwa tembo.

Siku moja akiwa shambani, niliuburuta ule mchoro mdogo wa mchezo kwenye kioo cha kompyuta mpaka kwenye pipa la taka. Nikakung'uta mikono. Jioni nikamkuta anacheza.

"Umeupata wapi?"

"Kwani ulipotea?"

Kumbe nilichotupa ni mlango tu. Mchezo wenyewe ulikuwa ndani, na mke wangu aliujua mlango mwingine.

Katika sala ya jioni nikawaombea wote waliotekwa na michezo. Akaitikia amina, kisha akaongeza, "Na wanaotupa vya wenzao, Bwana, wafundishe basi kutupa vizuri."

Maneno hayo yalinichoma. Kesho yake nikampigia simu binti, nikamwuliza namna ya kuondoa programu nisiyoitumia. Akanielekeza hatua kwa hatua mpaka kwenye orodha ya programu zote. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo, haraka kuliko nilivyojibu siku ya ndoa yangu.

Nikaanza tena kupokewa kwa mikono miwili. Makofi yalikuwa sawasawa kabisa, ila macho yake yalikuwa kwenye kioo kilichozimwa. Habari za jirani sikuambiwa. Siku ya tatu, akinipakulia ugali, akasema bila kuniangalia, "Vilibaki vipande viwili. Cha mwisho nilikuwekea wewe."



Asubuhi nikapanda gari kwenda Kasulu kuifuata ile flashi.

"Baba, si ulisema huutumii?" binti akauliza.

"Anayeutumia yupo."

Niliuingiza mwenyewe, nikisoma kila neno kabla ya kubonyeza. Mchezo ukarudi, lakini tembo alikuwa vipande vitupu, kama siku ya kwanza. Nikamwita mke wangu, nikamweleza nilichofanya, mara zote mbili.

"Ya kwanza niliijua," akasema. "Ya pili nilikuwa nasubiri uiseme."

Akashika kipanya. Mkono wa kushoto ukapiga benchi, karibu naye.

"Kaa hapa. Tunaanza na kona."

Nikakaa. Kona zote nne alizipata yeye, na Mungu anisamehe, hata kwa hizo nilimwonea wivu.