Somo Nililoliruka

Nilikuwa na sauti nzuri, na nilijua. Ndiyo maana miaka ile ya utawala wa jeshi Uganda nilipewa kazi ya kusoma Biblia katika ibada ya Kiswahili ya kanisa letu pale Mafubira, ibada ya askari, polisi na Wakenya waliofanya kazi Jinja. Masomo hayakuwa ya kuchagua. Orodha ya mwaka mzima ilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha mchungaji, na msomaji alisoma kilichoandikwa.

Jumamosi moja dada yangu alinijia nyumbani. Mumewe, askari magereza, alikuwa amelitamani duka la Mkenya mmoja muuza vipuri vya baiskeli, na alijiandaa kumsingizia kwa wakubwa kwamba ni jasusi.

"Kaka, mimi nimesema mpaka nimechoka," aliniambia. "Kesho ni ile ya mfalme na shamba. Wewe soma tu. Neno ya Mungu yeye ataogopa."

Somo lilikuwa la yule mfalme aliyetamani shamba la mizabibu la jirani yake. Jirani akasingiziwa, akauawa, kisha nabii akaja kumwonya mfalme kwamba mbwa watailamba damu yake palepale walipoilamba ya jirani. Hakuna askari ambaye asingeelewa.

Jumapili nilisimama, nikafungua kitabu. Shemeji alikuwa benchi la tatu. Mbele yake aliketi kapteni, ambaye naye alipata duka lake la barabara kuu kwa njia ileile. Alinitazama huku akifuta miwani. Nikafunua kurasa mpaka kwenye zaburi ya mchungaji na malisho, nikaisoma kwa madaha, kila neno likafika mlango wa nyuma. Mchungaji aliinamisha kichwa. Shemeji alitabasamu. Dada hakuniangalia.

Jumanne asubuhi yule Mkenya alitiwa kwenye buti la gari mbele ya wateja wake, na shemeji akachukua funguo za duka. Jioni alipita kwangu na kengele mpya ya baiskeli, zawadi.

"Unaona, shemeji? Neno moja tu kwa afande."

Niliipokea. Najichukia mpaka leo kwa kuipokea, maana nilijua imetoka kwenye rafu ya nani.

Miezi mitano baadaye kapteni alilitaka duka hilo. Gari likaja tena mlangoni palepale, na safari hii aliyetiwa kwenye buti ni shemeji.

Mwili hatukuupata. Dada alikwenda Mbale na watoto, nyumbani kwa ukoo wa mumewe, na huko tukafanya maombi bila jeneza. Watu walipotulia alinipa Biblia yake, tayari imefunguliwa.

"Leo soma yote," alisema.

Nilisoma yote: shamba, uongo, damu, mbwa. Tulipomaliza wazee walikuja mmoja mmoja kunishika mkono, wakaniambia nina sauti nzuri.