Nyuzi za Salfeti

Dada yangu anaosha bajaji na pikipiki pale Nangara. Chini ya eneo lake kuna bustani ya bibi mmoja, jirani yetu, na maji machafu yalikuwa yanateremkia huko. Asubuhi moja bibi alikuja ameshika fungu la mchicha.

"Shikamoo, bibi," dada alimwamkia.

"Marahaba. Hebu nusa hapa."

Dada alinusa, akanipa na mimi. Mchicha ulinuka injini. Wateja walikuwa wanasubiri, nikadhani atajitetea. Badala yake aliniambia nizime pampu.

Shimo la kunasa oili tulikuwa nalo. Oili nzito ilielea tukaichota, lakini chini yake maji yalibaki na ukungu, yamejaa vitone vidogo mno ambavyo havikupanda juu hata tukivingoja kutwa nzima. Dada alichuchumaa pembeni ya shimo akitazama salfeti kuukuu, gunia la nyuzi za plastiki, iliyokuwa imening'inia majini. Kwenye nyuzi zake zilizofumuka, oili ilikuwa imejishika matone matone.

"Njoo uone," aliniita. "Vile vidogo vinagandia hapa, vinaungana, halafu vinaachia vikiwa vikubwa."

Tulifumua salfeti hadi vidole vikauma. Nyuzi tukazishindilia ndani ya pipa, maji ya shimo yakaingia kwa chini na kupanda taratibu katikati yake, kisha yakamwagikia pipa la pili yatulie. Oili ingeelea huko, na maji yangetoka kwa bomba la chini.

Siku ya kwanza yalitoka na ukungu uleule. Mimi nilikata tamaa, nikasema tuhamishe tu mfereji.

"Tuuhamishie kwa nani?" dada aliniuliza.

Alichukua chupa mbili za maji yenye oili, moja akaitia sabuni ya unga, akazitikisa zote. Isiyo na sabuni ilianza kujitenga. Ile nyingine ilibaki kama maziwa. Basi akatenga sehemu mbili: injini zinapigwa maji matupu upande wa mapipa, na bodi zinaoshwa kwa sabuni upande mwingine, ambako maji yanaishia kwenye shimo jingine tulilochimba kwetu, yanywee ardhini. Wateja wengine walinung'unika kusogezwa mara mbili. Aliwaeleza kila mmoja kwa upole, mpaka wakazoea.

Tulipofungua tena koki ya kuingizia maji mapipani, juu ya pipa la pili oili ilitanda nyeusi, na bomba la chini likatoa maji maangavu. Nilimtazama dada akiwa amelowa hadi magotini, anacheka peke yake, nikajisikia fahari ambayo sikujua niiseme vipi.

Nyuzi huzibwa na matope, na yeye huzibadilisha bila kukumbushwa. Maji hayo hatuyanywi, wala hayapelekwi bustanini; yanarudi kusuuzia matairi. Bibi alikuja kukagua mwenyewe, akainama, akanusa.

"Mwanangu, umefanya kazi," alimwambia dada.

Kisha akaomba kidumu cha ile oili, akapake nguzo za uzio wake zisiliwe na mchwa.