Ndama Alikuwa wa Nani

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupata stashahada ya theolojia, na nikiwatazama wapwa zangu wanavyoshinda kwenye simu, huenda nikawa wa mwisho. Sikusomeshwa na mtu. Miaka kumi na moja nilipaka rangi nyumba za watu Dar es Salaam, mchana niko juu ya ngazi, jioni niko darasani nanuka rangi mpaka walimu wakanizoea. Cheti changu kimetundikwa sebuleni kwangu Shirimatunda, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe na kuipaka mwenyewe, na mgeni akiketi kwenye kochi langu hana pengine pa kutazama. Akiniuliza nilifaulu kwa alama gani, namkaribisha chai.

Chuoni somo nililolipenda lilikuwa ufafanuzi wa Maandiko. Nilikuja kugundua kwamba Biblia si kitabu cha watu wapole hata kidogo. Nuhu, baada ya kuokolewa yeye na wanyama wote wale, alifika nchi kavu na, hata madhabahu yake haijapoa, akalima mizabibu na kulewa. Yakobo, kitinda mimba kama mimi, alimdanganya baba yake kipofu kwa ngozi ya mbuzi, na bado akawa mzee wa taifa zima. Mwalimu wetu alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kila kipindi: usianze kuuliza maneno haya yanakuambia nini wewe, uliza kwanza yalisikikaje kwa watu walioambiwa mara ya kwanza. Niliipenda kanuni hiyo kwa sababu ilinipa ruhusa ya kuwasahihisha wachungaji. Tangu nirudi Moshi nimewasahihisha watatu, mmoja akiwa bado hajashuka mimbarani.

Kaka yangu, kifungua mimba, hakuna mtu anayemsahihisha. Yeye anaishi huko juu, nusu saa kwa bodaboda kutoka mjini, kwenye kihamba cha baba, lile shamba la migomba na kahawa tulikozaliwa sote. Kwa desturi yetu kitinda mimba ndiye anayebaki na wazazi, na nyumba ya baba huwa yake. Kifungua mimba hukatiwa sehemu yake mapema akajitegemee. Kitinda mimba ni mimi, nami niliondoka. Baba alipoanza kuugua, kaka aliacha kazi ya kupandisha watalii mlimani, akahamia kwenye nyumba ambayo kwa desturi ilikuwa yangu, akamwogesha baba mpaka mwisho.

Taarifa ya msiba ilinikuta Jumatatu. Mazishi yalipangwa Jumatano. Mtihani wangu wa mwisho, wa hilohilo somo la ufafanuzi wa Maandiko, ulikuwa Jumatano. Nilifanya mtihani. Nilifika kihambani Ijumaa, maturubai yameshakunjwa na viti vimesharudishwa kanisani.

Tangu siku ile kaka alikuwa na neno moja tu kwangu. Nikimwamkia shikamoo, anajibu marahaba, maana kwetu kunyamazia shikamoo ni kujitafutia mikosi, kisha anaenda kwa ng'ombe wake. Mwaka ulipita, nikahamia Moshi moja kwa moja, ukapita mwingine. Marahaba. Nilijaribu kumpa habari za mpira, nikajaribu bei ya kahawa, hata nikajaribu kumkosea adabu kidogo. Marahaba hiyohiyo. Mama, anayeishi naye, alichoka kuwa daraja.

"Sitaki mje kuanza kuongea mkiwa mmebeba jeneza langu," aliniambia, "huyu mbele, huyu nyuma, mnaulizana njia."

Basi zamu ya kupokea jumuiya, ibada ya majirani ya kila Jumamosi, ilipofika kwa mama, na mwinjilisti akaniomba mimi msomi niongoze somo, nilikubali kabla hajamaliza sentensi, na nikachagua habari ya mwana mpotevu. Sikuchagua kwa bahati. Mimi ndiye niliyerudi kutoka mbali, hilo kila mtu angeliona bila kuambiwa. Nilichotaka ni yule kaka mkubwa wa kwenye habari, aliyesimama nje kwa hasira akakataa kuingia kwenye karamu. Kaka yangu haingii kwenye jumuiya. Jumamosi alasiri huwa bandani akiwakatia ng'ombe migomba, na banda liko mkabala na dirisha la sebule. Nilipanga nimpige kwa Neno la Mungu kupitia dirishani. Niliandaa kurasa sita, nikiwa na Kigiriki katika nne kati ya hizo.

Tulikuwa watu kama kumi na wawili, wengi wao akina mama. Mbele kabisa alikaa bibi jirani yetu, ambaye wiki nzima hupika mbege, pombe yetu ya ndizi, na Jumapili huimba kwaya, na kwenye jumuiya kwa kawaida husinzia. Siku hiyo hakusinzia. Nilipofika pale kijana anapotamani maganda wanayokula nguruwe, aliuliza ni maganda ya ndizi gani. Nikaeleza kwa upole wa kisomi kwamba si ya ndizi, ni ya mti fulani wa nchi ile. Akina mama wakatazamana. Mmoja akasema ndizi mshale zingekuwa na afadhali, mwingine akasema nguruwe wake ndizi ng'ombe hazigusi, na kwa dakika kumi Neno la Mungu likasimama kupisha mjadala wa chakula cha nguruwe.

Niliwarudisha. Bibi akainua mkono tena.

"Huyu aliyeondoka ni mkubwa au mdogo?"

"Mdogo, bibi."

"Kitinda mimba." Akageuka kuwatazama wenzake. "Sasa alipoondoka, mzee alimwachia nani?"

Nikasema alimwachia kaka yake.

"Haya. Endelea, mwalimu."

Niliendelea, lakini watu wa kwenye mabenchi hawakuwa walewale. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo labda mara mia, na sijawahi hata mara moja kufikiria jioni ya kwanza baada ya kijana kuondoka, nani alikwenda kukata majani. Niliharakisha kufika kwenye silaha yangu. Nikapaza sauti kuelekea dirishani: baba alimchinja ndama aliyenona, watu wakafurahi, lakini kaka, kwa wivu, kwa moyo mgumu, akabaki nje.

"Ndama alikuwa wa nani?" bibi akauliza.

Nikasema ni wa baba.

Alinikumbusha kwamba mwanzoni kabisa nimesoma mzee akigawa mali yake kwa wanawe wote wawili. Mdogo alibeba fungu lake akalila huko alikokwenda. Kilichobaki nyumbani, kwa hesabu ya mtu yeyote mwenye kihamba, ni cha mkubwa. Kwa hiyo wamemchinja ndama wa mtu, na mwenye ndama hakuulizwa, amekuja kusikia ngoma tu akiwa anatoka shamba.

Nilitafuta jibu kwenye kurasa zangu sita. Nikakuta Kigiriki. Huko nje panga lilikuwa limeacha kulia.

"Na majani nani alikuwa anamkatia huyo ndama," mama akasema taratibu kutoka mlango wa jikoni. Hakuwa anauliza.

Bibi hakuwa amemaliza. Alitaka kujua kijana alirudi na isale au mikono mitupu. Isale ni mmea tunaoupanda mipakani na makaburini. Aliyekosa hulikunja jani lake na kumpelekea aliyemkosea, na huyo, hata awe na hasira ya namna gani, hana ruhusa ya kukataa kumsikiliza. Nikasema kijana alitayarisha maneno ya kumwambia baba. Bibi akasema hayo ameyasikia, ni mazuri, ila anauliza kwa kaka alipeleka nini. Nikakiri kwamba Maandiko hayasemi.

"Basi ndiyo maana alikaa nje," akasema. "Hata mimi ningekaa."

Mwinjilisti alifunga kwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akisali, na mabakuli ya mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, yakaanza kupita. Mimi nilikuwa na stashahada, nilikuwa na kanuni ya mwalimu wangu kichwani, na wasikilizaji wa kwanza nilioambiwa miaka mitatu niwatafute nimewakuta kwa mama wamekaa kwenye mabenchi ya kuazima.

Nilitoka. Mpakani lilisimama isale alilopanda baba. Nikakata jani moja, nikalifunga fundo kama nilivyomwona akifunga zamani alipogombana na jirani kwa maji ya mfereji. Kisha nikavuka uwanja na viatu vyangu vya ibada juu ya samadi. Sebuleni watu wote walikuwa wanautazama mtori kwa makini sana. Nilikuwa na hotuba, lakini nikakumbuka kwamba hata yule kijana alikuwa na hotuba na hakufika mwisho wake.

"Shikamoo kaka," nikasema, na kumnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Marahaba."

Alilitazama jani kwa muda mrefu kuliko ambavyo jani linastahili. Akajifuta mikono kwenye suruali, akalipokea.

"Ule mtihani," akasema, "ulipata ngapi?"

Hapakuwa na chai ya kumkaribisha.

"C."

"C."

"Ya juu."

"Uliacha kumzika mzee kwa C."

Nikasema ndiyo. Ndilo lilikuwa jibu fupi kuliko yote niliyowahi kutoa katika somo hilo, na nadhani ndilo pekee lililokuwa sahihi kabisa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, kile kicheko cha puani cha baba. Akageukia dirisha.

"Mama, kumbe alipata C."

Hapo mtori wote ukasahaulika, akina mama wakacheka mpaka bibi akashika benchi. Kaka akalitia isale kwenye mfuko wa shati, akanikabidhi panga.

"Kata vipande vidogo," akasema, akinionyesha ng'ombe. "Hawa hawana diploma."

Nilikata mgomba mzima, na kwa mtu aliyeondoka miaka mingi hivyo, nasema bila aibu kwamba niliukata vizuri. Kaka alikuja kukagua, akaokota vipande viwili, akavigeuza.

"C," akasema, akaingia ndani kula. Mimi nikabaki nje na ng'ombe mpaka nilipoitwa.