Dagaa Wabichi wa Mbalamwezi

Tulipogoma pale reli ya Kigoma, tulikuwa tunadai wenzetu watatu warudishwe kazini. Walifukuzwa kwa kukataa kutoka na mabehewa yenye breki mbovu. Breki hizo nilizikagua mimi, fundi pekee wa kike karakana nzima, kwa hiyo wagomaji walikutana uani kwangu, mtaa wa Rusimbi.

Siku ya tatu akaanza kuja mwanamume na beseni la dagaa. Alisema ni mvuvi wa Bangwe. Muuza samaki huwa na haraka, samaki wasimharibikie. Huyu aliketi hadi mchana akisikiliza nani kasema nini. Wenzangu wakanong'ona kwamba ametumwa na wakubwa wa reli. Nikawakemea, tusimsingizie mtu.

Kisha mwezi ukawa mpevu. Siku hizo wavuvi wetu hawaingii ziwani, maana mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa. Mitumbwi yote ilikuwa imepandishwa ufukweni. Yeye akaingia na beseni lake limejaa.

"Dada, wabichi hawa, nimewavua jana usiku."

Wenzangu wote wakanigeukia.

"Kaka, toa simu urekodi," nikamwambia. "Usijifiche tena."

Nikataja jina langu na la baba yangu, polepole, asije akakosea. Nikaongeza kwamba breki ni mbovu, nimezipima mwenyewe, na hatutarudi bila wenzetu.

Alipoinuka, nikamsukumia beseni kwa mguu.

"Na hao dagaa warudishie waliokutuma. Wananuka."