Matonge Niliyoyafuta

Mpaka leo nikikumbuka nachemka. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, binti wa mama lishe wa Isevya, alikaa muhula mzima mbele ya kompyuta pekee ya shule yetu hapa Tabora akichambua picha za galaksi za jirani. Alitafuta mafungu mazito ya gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa. Ya rangi ya buluu, alinieleza, bado machanga. Yaliyoiva kuwa mekundu yamezeeka. Mengine hupulizwa na nyota zake zenyewe yakasambaratika mapema, mengine hushikamana, yakasogea polepole kuelekea kitovu cha galaksi. Akayaita matonge.

“Kama ugali wa mama, mwalimu. Ukikaza vizuri, tonge linashika. Ukiwa majimaji, linakufia mkononi.”

Jamani, neno gani tena lingefaa kuliko hilo? Lakini mimi, msomi mzima, nikaona haya. Wageni wanatoka Dodoma, eti tuwapokee na habari za ugali! Siku moja kabla ya maonyesho ya sayansi nikashika kalamu, nikafuta “matonge” kwenye bango lake zima, nikaandika “makundi ya nyota”. Binti alinitazama tu, akasema, “Sawa, mwalimu.” Mshindi angekwenda kambi ya wanasayansi chipukizi, aangalie kwa darubini ya kweli. Binti hakuwa akizungumzia kingine.

Siku ya maonyesho, jaji alisoma bango, akacheka.

“Makundi ya nyota? Yale ya kuchora simba na nge angani? Hayo yanazaaje nyota, binti? Umechanganya madesa!”

Ukumbi ukaangua kicheko. Nilifura! Bwana mkubwa mzima, picha ziko mbele ya pua yake, ashindwe kuuliza hata swali moja la maana? Anamcheka mtoto wa watu kwa neno moja?

“Nani kakufundisha hivi?” akauliza.

Binti hakugeuka kunitazama. “Nimekosea mwenyewe, mheshimiwa.”

Na mimi niliyekuwa nimefura, hatua mbili nyuma yake, nikafunga bakuli langu. Nafasi ya kambi akapewa mwingine.

Jumatatu nilimkuta binti mlangoni mwa darasa. Akasimama wima, akanipisha.

“Shikamoo, mwalimu.”

Nami, bila hata chembe ya aibu, nikaitikia marahaba.