Pampu Ambayo Meni Haiizimi

Mimi nikianza kuongea juu ya pampu ya kuzima moto, watu hukumbuka ghafla kwamba wameacha sufuria kwa jiko. Shauri yao. Mwaka huu nilipewa kazi ya kufunga stima ya pampu kwa ploti ya ghorofa saba hapa Gatina, na sijawahi kufurahia kazi hivyo.

Sababu ni mama. Alikuwa bado kwa mabanda ya Soweto West, na nyumba yake ilishachomeka mara mbili. Nikamtafutia chumba kwa ploti hiyohiyo, juu kabisa. Akakataa. "Moto ukitoka chini, nitaruka niende wapi? Nionyeshe maji kwanza."

Sasa, watu wetu wakisikia harufu ya moshi, kitu cha kwanza ni kuzima stima. Hawaulizani. Mama ndiye huwa mbele, hata mwiko hauweki chini. Lakini kwa ghorofa, ukizima meni, ile swichi kubwa ya ploti nzima, pampu nayo inakufa na mpira wa maji unabaki mkavu ukutani. Ndio maana sheria inataka waya wa pampu uchukuliwe kabla ya meni, upite njia yake peke yake. Tena breka yake, ile swichi ya kujikata, isikatike ovyo mota ikizidiwa. Mota zingine zote tunazilinda zisiungue. Hii tunaiacha iungue ikipiga maji. Niliposoma hapo mara ya kwanza niliinuka kwa kiti, nikatafuta mtu wa kumwambia.

Keateka, msimamizi wa ploti, hakuona utamu wowote. "Fundi, weka kila kitu kwa meni moja, mambo yaishe." Tulizozana asubuhi nzima. Nikamwambia basi ahamie ghorofa ya juu yeye mwenyewe. Akasonya, akaniachia kazi yangu.

Siku ya kujaribu, mama alikuja na nguo ya kanisa. Nilimwonyesha meni pale chini ya ngazi nikamwambia tu, "Chukulia kuna moto." Akaivuta chini bila kufikiria. Ploti yote ikanyamaza. Kinyozi akatoka nje na mashine mkononi, mteja nyuma yake kichwa nusu, wakitutazama vibaya.

Tukapanda hadi juu, mimi roho mkononi. Mama akafungua mpira mwenyewe. Maji yaliyobaki kwa bomba yakatoka kidogo, yakalegea. Halafu kule chini pampu ikajiwasha, ikanguruma, mpira ukamsukuma mama nyuma hadi nikamshika kiuno.

Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Mama hakucheka. Alishika mpira kwa mikono miwili, nguo ya kanisa imelowa chapachapa, akaendelea kumwagia maji ukuta ambao haukuwa na moto wowote. Nilimwacha. Alipotosheka akafunga, akajipangusa uso na kiganja.

"Funguo ya chumba iko na nani?" akauliza.